Mtu Aliyekuwa Mlangoni

Wacuka hakuwa mtu wa kukukaribisha. Ukifika soko la Kariokor, Nairobi, kwenye safu ya vyondo ukamsalimia, alikujibu bila kuinua macho, uzi ameubana kwa meno. Vyondo vilimfikia kutoka Machakos na Murang'a vikiwa vimesukwa tu, naye akavipiga ukingo wa ngozi na kuvitia mikanda ya kubebea. Mafundi wa ngozi pale walikuwa wanaume, na mwanzoni walimcheka. Baadaye walipoona watalii wanafuata vyondo vyake, walianza kumwita dada.

Mimi ni Kageha, niliuza akala, viatu vya matairi, vibanda viwili kutoka kwake. Mume wangu alikata matairi, mimi nikauza. Tulikaa ujirani huo miaka kumi na sita, na sisemi kwa majivuno kwamba nilimjua Wacuka. Kumjua ilikuwa kazi ya kuchosha. Ungemwambia habari ya msiba akaendelea kushona, kesho yake ukamkuta kwako amekuletea sufuria ya githeri, ameiweka chini, ameondoka.

Aliishi mtaa wa Bahati, chumba kimoja, pamoja na baba yake, Mzee Ngigi. Hakuolewa. Alikuwa na binti mmoja aliyesoma shule ya bweni, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Mama yake Wacuka alikufa mwaka wa sabini na tisa. Mzee alikuwa mpole, magoti mabovu, mtu wa kukaa juani na kusalimia kila apitaye. Mwaka wa hamsini na nne Waingereza walimkamata katika msako mkubwa wa Nairobi, wakamweka kizuizini miaka mitano, na alipotoka hakuwa tena mtu wa maneno mengi.

Na kulikuwa na mdogo wake Wacuka, Njoki, aliyekaa mtaa wa Umoja na mume wake Johnson, dereva wa lori la mikate. Njoki ndiye aliyetuletea haya yote. Hapana, hiyo si haki. Mimi ndiye niliyeyaleta, na ninalisema mapema ili usije ukanifikiria mtu mzuri.

Njoki alikuwa na mvulana mmoja wa miaka kumi, na baada ya huyo mimba mbili zilitoka. Mwanzoni mwa mwaka wa themanini na nne alikuwa na mimba ya nne, na alikuwa anaogopa hata kuinama. Hakula vizuri. Usingizi ulimkataa. Alikuja kibandani kwa dada yake akakaa kwenye gunia la ngozi akalia, Wacuka akaendelea kushona. Mimi nikamwonea huruma, nikamwambia, "Njoki, si ukuje na mimi Jumatano kwa Dada Nabiswa."

Nabiswa alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mjane, mwenye nyumba mtaa wa Jericho. Kila Jumatano mchana wanawake kama kumi na wawili tulikusanyika sebuleni kwake. Hakuwa tapeli. Hakuomba sadaka, na chai yake ilikuwa na maziwa hata mwaka ule wa ukame, tulipokuwa tukila ugali wa manjano wa msaada. Alikuwa amepata kanda za kaseti za mhubiri fulani kutoka nje, na ndani yake kulikuwa na maombi ya kuponya kumbukumbu. Aliamini kwamba magonjwa mengi ya wanawake ni mambo tuliyotendewa tukiwa wadogo, kisha tukayasahau.

Alikuwa anakuweka kwenye kiti katikati, mkono wake juu ya kichwa chako. "Funga macho," alisema. "Uko na miaka kumi. Sasa uko na miaka saba. Uko na miaka minne. Uko ndani ya nyumba yenu. Mlango inafunguka. Nani yuko mlangoni?"

Kama hukuona mtu, hakukulazimisha. Alisema, "Ni sawa, bado unaogopa, tutarudi wiki ijayo." Wiki ijayo alikuuliza tena.

Mimi mwenyewe niliona mtu. Ilikuwa Januari, wiki yangu ya tano. Nilimwona mjomba wangu Asava akinifungia ghalani, gizani, mahindi yananichoma miguu, nami napiga ubao kwa ngumi. Nililia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa. Dada waliimba, wakanikumbatia, na nilitembea kurudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi. Ndiyo maana nilimchukua Njoki. Nilitaka naye autue wa kwake.

Mwezi wa Februari Njoki aliona mlango tu, na mvua nje. Wiki iliyofuata aliona koti refu. Kisha, Machi, akaona koti limetundikwa kwenye msumari, upande wa pili wa pazia, kwenye kitanda cha mama yao. Nabiswa akamwuliza kwa upole kabisa, "Dada, ni koti ya nani inaweza kuwekwa kwa chumba ya mama yako?"

Njoki akafumbua macho. Kisha akasema, "Ya baba."

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza yote, na si ya kuelezwa. Alisema mtu wa koti alimfanyia jambo ambalo mtu mzima hamfanyii mtoto. Tulimbeba mpaka kwenye kochi. Nilimfikiria Mzee Ngigi aliyekaa juani Bahati akisalimia watu. Wakati huo niliamini kila neno.

Kuanzia wiki hiyo Njoki alikuja kila Alhamisi kumwambia Wacuka. "Nilikuwa na miaka minne," alisema. "Ilikuwa kabla wamshike. Nakumbuka koti." Na Wacuka, bila kuacha kushona, alijibu neno lile lile kila wiki. "Ni ndoto hiyo, Njoki. Enda ulale."

Siku moja Nabiswa mwenyewe alikuja kibandani kumsihi Wacuka. Alisimama pale na mkoba wake wa Biblia, mtu safi, mnyenyekevu, na mimi nikiwa katikati yao kama mchele kwenye jiwe la kusagia. Alisema, "Dada Wacuka, kichwa ya mtoto inasahau ndio mtoto aweze kuishi. Lakini mwili haisahau. Mtu hawezi kulia vile kwa kitu ya uongo."

"Mtu ukimwuliza mara kumi nani yuko mlangoni," Wacuka akasema, "mara ya kumi na moja ataona mtu. Hata wewe nikikuuliza utaona."

"Basi unasema dada yako ni mwongo?"

"Nasema amechoka. Na wewe unamchosha zaidi."

Nabiswa aliondoka na machozi. Mimi nilikasirika na Wacuka, nikamwambia ana moyo wa ngozi kama kazi yake. Alikata uzi kwa meno. Nilimnunia karibu mwezi mzima, na ni vigumu kumnunia mtu ambaye hatambui kuwa umemnunia.

Mwezi wa Aprili nikapata barua. Baada ya kuona lile ghala nilikuwa nimemwandikia mama yangu huko Maragoli, nikimwuliza kwa nini hakunitoa. Jibu liliandikwa na mtoto wa jirani, lakini sauti ilikuwa ya mama. Alisema mjomba Asava alikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Alisema pia kwamba nyumbani kwetu hapajawahi kuwa na ghala la kutosha hata kuku, na kama Nairobi imenitia wazimu basi nirudi nyumbani niolewe upya.

Niliisoma barua hiyo mara nyingi nyuma ya rundo la akala. Nilikuwa nimelia machozi ya kweli kwa ajili ya ghala ambalo halikuwapo. Mahindi yale kwenye miguu, bado nikifumba macho nayasikia. Nikaikunja barua, nikaitia kifuani, nikanyamaza. Ushuhuda wangu ndio Nabiswa aliokuwa akiwatolea mfano wageni, na niliona haya. Alhamisi Njoki akaja tena na tumbo lake, nikamwangalia akilia, barua iko kifuani, sikusema neno. Hilo ni langu na nimelibeba.

Septemba Njoki akajifungua, salama, mvulana wa kilo tatu na nusu. Wanawake walipiga vigelegele vitano, kama Wakikuyu wanavyompigia mtoto wa kiume. Siku ya nne tulikwenda Umoja na vibuyu vya uji kumwona. Wacuka alikuwapo, amekaa karibu na mlango.

Sasa lazima nieleze, kwa kuwa si kila mtu ni Mkikuyu, na mimi mwenyewe ilibidi nifundishwe. Kwao mtoto hachaguliwi jina. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, na wa pili la baba wa mke. Wanasema mzee amezaliwa tena. Mvulana wa kwanza wa Njoki alikuwa amepewa jina la baba yake Johnson. Huyu wa pili alikuwa Ngigi kabla hajatoka tumboni, na kwa kuwa Wacuka hakuwa na mvulana, huyu ndiye Ngigi wa pekee ambaye mzee angeweza kumpata.

Shangazi yake Johnson akauliza kwa furaha, kama anayeuliza kitu anachokijua, "Haya, mgeni wetu ni nani?"

Njoki akasema, "Ni Dedan." Dedan alikuwa kaka yake Johnson.

Vikombe vilisimama njiani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kumruka baba yako mzazi aliye hai ni kumtangaza, na kila mwanamke mle ndani alianza kutafuta kichwani mwake ni jambo gani mzee anaweza kumfanyia binti yake hata anyimwe jina. Niliwaona wakitafuta. Johnson alikuwa anatazama sakafu. Wacuka akanywa uji wake mpaka mwisho, akasimama, akatoka.

Huko Bahati mzee alikuwa ameshanyoa ndevu. Alikuwa amenunua blanketi dogo la manjano, akakaa nalo magotini kila jioni akimsubiri Wacuka arudi kutoka sokoni. Aliuliza swali moja tu. "Wameita jina?" Na Wacuka alimjibu, "Bado, Baba. Mtoto alikuwa na homa kidogo." Kesho yake akasema Johnson amesafiri. Alipokosa uongo wa kumpa, akawa anapita njia ndefu kurudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameacha kushona, mikono imelala tu juu ya ngozi.

"Kageha," aliniambia Jumamosi hiyo, "kesho tutaenda Umoja. Sitaki kuenda peke yangu."

Tulikwenda kwa miguu. Barua yangu ilikuwa bado kifuani. Nilikuwa nimeamua kuisoma mbele ya Njoki. Nilidhani nakwenda kumsaidia Wacuka kuthibitisha kwamba yote yalikuwa ndoto.

Njoki alikuwa ananyonyesha. Johnson akatoka nje kama wanaume wanavyotoka. Wacuka hakukaa. Alianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, kisha akaingia Kikuyu, nami baada ya miaka yote ile sokoni nakisikia vizuri kuliko wanavyodhani.

"Lile koti halikuwa la baba," akasema. "Baba hakuwahi kuwa na koti."

Njoki akamwangalia.

"Baba alikuwa ameshachukuliwa. Wanawake wasio na waume walikuwa wanapakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini, na kule watu walikuwa wanakufa njaa. Kulikuwa na mtu anaitwa Heshbon, karani wa lokesheni aliyeandika vibali vya kukaa mjini. Alimwandika mama kwenye kibali kama mke wake. Sisi akatuandika watoto wake. Ilibidi alale kwetu, maana askari walikuwa wanakagua. Mama alitukalisha akatuambia, huyu sasa ndiye baba yenu, mkiulizwa mseme hivyo. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilijua ni uongo wa kuwaambia askari. Wewe ulikuwa mdogo. Wewe uliamini."

Mtoto aliachia ziwa akaanza kulia, na Njoki hakumsikia. Ilibidi mimi nimchukue.

"Ilikuwa masika ya hamsini na tano," Wacuka akaendelea. "Mama ameenda kufua. Mimi nilienda bombani. Niliporudi, Heshbon alikuwa anatoka nyuma ya pazia anavaa koti. Wewe ulikuwa kitandani unaangalia ukuta. Hukuwa unalia. Jioni nikamwambia mama. Mama akanichapa kwa mwiko mpaka nikaapa sikuona kitu. Alikuwa analia akinichapa. Heshbon angefuta majina yetu, na kesho yake tungekuwa kwenye lori. Baba aliporudi, hakuna mtu aliyemwambia habari ya kile kibali. Mpaka leo hajui mke wake aliishi kwa jina la mwanaume mwingine. Ndiyo sababu nilinyamaza."

Nilifikiria barua yangu na nikaona aibu. Nilikuja na ushahidi wa ghala lisilokuwapo, na hapa palikuwa na chumba, kitanda na mtu mwenye jina.

Njoki akafunga vifungo vya blauzi yake. Nilidhani atalia, maana alikuwa mwepesi wa kulia. Hakulia. Alipoongea, sauti yake ilikuwa kavu.

"Ulijua."

"Nilikuwa mtoto, Njoki."

"Mwaka wa hamsini na tano ulikuwa mtoto. Na Machi mwaka huu? Ulikuwa mtoto pia? Nimekuja kwako kila Alhamisi na tumbo langu. Nimekuambia kuna mtu. Ukaniambia ni ndoto, niende nilale. Nilianza kuogopa kichwa changu. Nilimchukia baba yangu miezi sita, na wewe ulikuwa umekaa hapo unashona."

"Nilikuwa namlinda mama."

"Mama amekufa," Njoki akasema. "Mimi ndiye nilikuwa hai."

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimtazama usoni, akamfuta, akasema bila kumwangalia dada yake, "Ataitwa Ngigi. Mwambie baba aletwe Jumapili ijayo amwone. Aletwe na mtu mwingine."

Ikawa hivyo. Jumapili mimi ndiye niliyempeleka mzee Umoja na blanketi lake la manjano. Alimshika mtoto, akamtemea baraka kifuani, akamwambia kwa Kikuyu, "Habari yako, mimi." Njoki alimtazama baba yake akalia sana, na mzee akadhani ni furaha. Hakuna aliyemweleza. Njia nzima ya kurudi aliniuliza kwa nini Wacuka hakuja, nikamwambia ana kazi nyingi.

Wiki ile niliisoma barua ya mama kwa Dada Nabiswa, mbele ya wote. Alisikiliza vizuri, kisha akasema shetani pia anaweza kutumia barua. Sikurudi tena. Lakini siwezi kumtukana, maana maombi yaleyale, kiti kilekile, Jumatano zilezile, yalinipa mimi ghala la hewa na yakampa Njoki mtu halisi mwenye uso wa baba yake. Nimewasikia watu walioenda shule wakibishana juu ya mambo haya, kama kumbukumbu za namna hiyo ni za kweli au ni za kutungwa. Mimi hunyamaza nikapanga akala zangu.

Krismasi ilipita na dada hao hawakusemezana. Wacuka alikonda. Alikuwa akishona, akifumua, akishona tena mkanda uleule. Siku moja ya Januari, hakuna wateja, nikamwambia ili kumfariji kwamba alifanya vizuri, kwamba mzee amepata jina lake kabla ya kuingia kaburini.

"Ningenyamaza, angemchukia baba," akasema. "Nimesema, ananichukia mimi. Ni sawa."

Hapo mimi, kwa mdomo wangu usiojua kupumzika, nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu Umoja. Nilikuwa nikifikiria mahindi yale yanayonichoma miguu. "Wacuka," nikasema, "usikasirike. Ni miaka thelathini. Una hakika ulimwona huyo Heshbon akitoka hapo? Si ulikuwa unataka tu baba aondolewe lawama?"

Akaweka chini msharasi wake wa kutobolea ngozi. Alinitazama kwanza, jambo alilofanya mara chache.

"Kile kibali kilikuwako," akasema. "Koti lilikuwako. Mwiko ulikuwako, kovu ni hili. Hayo mengine, Kageha, nimeapa miaka thelathini kwamba sikuona kitu, mpaka nikawa sioni. Halafu siku moja nikahitaji kuona, nikaona. Usiniulize tena kama nina hakika."

Akachukua kiondo kingine kutoka kwenye rundo, akaanza kupima ngozi.